Swali la Arobaini

Pale shamba la chai la Saramek, ukiteremka kidogo kutoka Litein, wachumaji walikuwa na sheria moja ambayo hakuna meneja aliyewahi kuiandika. Juu ya mchai imba, piga umbea, mtukane nyapara bila kumtaja jina, lakini usiseme siri. Mchai unasikia. Tena hausikii tu, unameza. Jani linalochipuka wiki hiyo linachipuka na maneno yako ndani yake, na atakayekunywa chai ya jani hilo, siku akikosa la kusema, chai itamsemea.

Watu wa laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, hawakulishangaa jambo hilo, kama wasivyoshangaa mvua ya mawe ya saa nane mchana. Kiwandani, majani ya vikapu elfu yanachanganywa, maneno yanagongana na kuvunjikavunjika, na kinachobaki ni mwasho wa ulimi tu. Ndiyo sababu mtu akipewa chai ya dukani anaanza kuongea, hata wewe unayejifanya mkimya, na hujui umeanzia wapi. Lakini chai ya mchai mmoja, iliyosokotwa kwa mkono na kukaushwa nyumbani, hiyo ilikuwa kesi nyingine. Kwanza ilikuwa marufuku: mchumaji akikutwa na majani chumbani, kazi imekwisha kabla jua halijatua. Pili, ilitoa kila kitu ilichosikia, kwa mpangilio ule ule, kuanzia neno la kwanza.

Nyatichi alijua hayo yote tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Mwaka huo wa 1971 alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba katika shule ya shamba, na hakuwa na kitabu. Shule ilikuwa na kitabu kimoja cha maarifa kwa watoto watano, na kikundi chake kilikuwa na bahati mbaya ya kuwa na Kemuma. Kila jioni Kemuma alikwenda nacho kitabu kwao. Mwalimu alisema ni kwa sababu nyumbani kwao kuna meza.

Kemuma alikuwa binti wa Mokaya, karani wa majani, yule aliyekaa kwenye kibanda cha kupimia na kuandika namba ya kila mchumaji. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, yenye dirisha la kioo. Wote wawili, Kemuma na Nyatichi, wazazi wao walitoka Kisii na wote walizungumza Kikisii majumbani, lakini usidhani hilo liliwaleta karibu. Baina ya nyumba ya karani na laini za wachumaji kulikuwa na ua wa michongoma, na mtoto wa laini hakuuvuka ila ametumwa.

Kila Jumatatu kulikuwa na ukaguzi wa mikono. Watoto wa laini walichuma na mama zao siku ya Jumamosi, na utomvu wa chai ukishika vidole unavifanya vyeusi, hata ukisugua kwa mchanga hautoki. Walichapwa kwa uchafu. Nyatichi alichapwa kila Jumatatu, kisha anarudi kwenye dawati na kuwa wa kwanza katika hesabu, jambo lililomchoma Kemuma kuliko fimbo ilivyomchoma Nyatichi.

"Soma tu, dada," Kemuma alimwambia siku moja kwa sauti ya huruma ya uongo. "Hata kikapu kinahitaji mtu anayejua kuhesabu."

Nyatichi alikuwa na hasira za kimya, zile mbaya.

Mwezi wa saba, hedimasta, Mwalimu Kipkosgei, alileta habari iliyowanyima watu usingizi. Kampuni ingemsomesha mtoto mmoja wa mfanyakazi mpaka amalize sekondari, karo, sare, bweni, vyote. Mtoto mmoja tu. Aliandika maswali sitini ubaoni, wakayanakili, naye akasema atakayeyakumbuka yote sitini mbele ya Meneja ndiye atakayekwenda. Majibu yamo ndani ya kitabu, alisema. Kitabu, naam, kikaenda zake kwenye nyumba ya mawe.

Basi Nyatichi akaokota majibu kama kuku anavyookota mtama. Hili alilinasa kwa Kemuma akijigamba kwa sauti, lile alilisikia kwa mwalimu, jingine alilisoma wakati wa mapumziko wenzake wakiwa uwanjani. Kisha kila Jumamosi akayapeleka shambani. Mwisho wa mstari aliopangiwa mama yake, chini ya mkaratusi, kulikuwa na michai mitatu iliyojitenga. Hapo ndipo aliposimama akichuma na kusema: swali la kwanza, jibu lake hili. Swali la pili, jibu lake hili. Hakuna taa iliyohitajika, wala meza. Jumamosi iliyofuata alichuma majani mawili na kichipukizi juu ya michai ile ile, akayaficha kwenye leso, akayasokota na kuyakausha juu ya kikaango. Mkebe akauficha ndani ya dawati lake shuleni, kwa sababu askari wa kampuni alipekua vyumba vya laini lakini hakupekua shule.

Je, ulikuwa wizi? Majani yalikuwa ya kampuni, sawa. Maneno yalikuwa yake.

Kwenye jaribio la mwezi wa nane alikunywa chai ile kwa chupa, akashinda wote. Mwalimu Kipkosgei akasoma majina mawili ya watakaoshindana mbele ya Meneja: Nyatichi, na nyuma yake Kemuma. Watoto wa laini wakapiga vigelegele. Kemuma hakupiga hata kofi. Alikuwa akiitazama ile chupa.

*

Shindano liliwekwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, saa nane mchana. Saa sita Nyatichi alikwenda shuleni kuchemsha chai yake jikoni mwa uji. Alifungua dawati. Mkebe haukuwepo.

Akalitoa dawati lote nje, akalipindua. Akatazama chini, akatazama madawati ya wenzake. Halafu akaenda jikoni, na pale, kando ya bomba, akaona majani yaliyochemshwa yakamwagwa, bado yanatoa mvuke. Aliyajua. Hakuna mwingine aliyesokota majani kwa mtindo ule, mafupi na mabaya.

Kwanza alishikwa na hasira. Kisha akajituliza: maswali yote sitini yamo kichwani, chai ilikuwa ya kumsaidia akikwama tu. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kuamua, ikampeleka mbio kwa mama yake.

Mama yake alikuwa mstari wa mwisho, kikapu mgongoni. Shambani kote aliitwa Nyamoita, na jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye kadi yake ya kazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, asiyependa kuulizwa mambo ya zamani.

"Mama, wameniibia chai yangu! Kemuma ameinywa."

"Chai gani?"

Nyatichi akamweleza. Hakuwahi kumwambia, kwa kuogopa kipigo. Mama yake akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Wewe mtoto, utatufukuzisha kazi. Basi akajaze tumbo. Ulichuma michai ipi?"

"Ile mitatu ya mwisho. Chini ya mkaratusi."

Kicheko kikakatika. Mama yake akamshika mkono, akamvuta kutoka katikati ya chai, haraka, mpaka barabarani kwenye kokoto nyekundu za muramu, mahali ambapo hakuna jani hata moja. Hata hapo akatazama nyuma kabla hajafungua mdomo.

"Unakumbuka Jumamosi uliyokuwa na homa, nikakuacha na Chepkemoi, jirani?"

"Nakumbuka. Ile ya kwanza baada ya majina kusomwa."

"Kabla ya hapo ulikuwa umefika swali la ngapi?"

"La arobaini. Nilikuwa nakohoa nikaishia hapo. Lile la arobaini na moja nilianza Jumamosi iliyofuata. Mama, kuna nini?"

"Basi baada ya arobaini," mama yake alisema, "ni mimi."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na kikapu mgongoni.

"Nyatichi, sikia, na usinikate. Jina langu si Nyamoita. Mimi ni Yunia. Nyamoita alikuwa dada yangu. Alikuwa akichuma hapa, akaja nyumbani likizo, akafa. Mwaka huo kampuni haikuwa inaandika watu wapya. Nikavaa gauni lake, nikachukua kadi yake, nikaja. Nani anatazama uso wa mchumaji? Wanatazama namba. Miaka kumi na mitatu naitika jina la marehemu."

Nyatichi alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. "Na uliyasema hayo kwa mchai? Wewe uliyenifundisha sheria?"

"Nilikuwa na nani mwingine wa kumwambia?" Sauti ya Yunia ilipasuka. "Jina lako lilisomwa la kwanza. Nilikuwa na furaha, nikakosa mtu. Nikasahau sheria, ama sikusahau, sijui. Wakijua, tunatoka laini leo leo. Na polisi juu. Na hiyo sekondari usahau, ni ya watoto wa wafanyakazi, mimi si mfanyakazi, mimi ni mwizi wa jina." Akatazama tena nyuma, kwenye chai. "Kuna na jambo lingine, mwanangu. Kuna—"

King'ora cha kiwanda kikalia saa saba na nusu, na nyapara akaanza kupiga kelele kwamba wanaokwenda shuleni wapime majani yao sasa hivi. Yunia akainuka. Hakumalizia.

*

Nyatichi alimkuta Kemuma mlangoni mwa ukumbi wa shule, sare imepigwa pasi, soksi nyeupe, chupa ya chai ya moto ya kizungu mkononi.

"Umekunywa chai yangu."

"Chai ipi?" Kemuma alisema. "Unataka nimwite Mwalimu, umwambie ulikuwa na majani ya kampuni kwenye dawati?"

"Kunywa yote, sijali. Lakini nakuomba kitu kimoja. Tukifika swali la arobaini, uache. Sema unaumwa, sema chochote. Usiseme baada ya arobaini."

Kemuma akamtazama, na kwa dakika moja Nyatichi alidhani ameelewa. Kisha akacheka. "Unaniogopa! Nyatichi wa laini ananiogopa!" Akaingia ndani akitembea kama bibi harusi.

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na viti, wameketi makarani, mafundi wa kiwanda na wake zao, na Mokaya katikati yao amevaa tai. Nyuma walisimama wachumaji na vikapu vyao miguuni. Meneja, Mzungu mnene mwenye uso mwekundu, alikaa kwenye meza na karatasi ya maswali, kalamu mkononi. Alitaka mambo yaende kwa Kiingereza, lakini Mwalimu Kipkosgei alikuwa amesimama imara: maswali kwa Kiswahili, ili wazazi nao wasikie.

"Maswali yataulizwa kwa zamu, moja mpaka sitini, kama yalivyoandikwa," alisema hedimasta. "Moja la Kemuma, linalofuata la Nyatichi. Anayekosea, mwenzake akilijibu, mchezo umekwisha. Kemuma, swali la kwanza. Mto Tana unamwaga maji yake wapi?"

"Bahari ya Hindi."

Nyatichi akasisimka mwili. Kemuma alilijibu vizuri, lakini alilijibu kwa kuvuta ile "Hindi" mwishoni, kama Nyatichi alivyozoea kuivuta akiwa anafikia jani la mbali. Haikuwa sauti ya Kemuma. Ilikuwa yake.

Wakaenda. La pili, la tatu, la kumi. Hakuna aliyekosea. Kila Nyatichi alipojibu zamu yake, midomo ya Kemuma ilikuwa inachezacheza, ikilitaja jibu hilo hilo kimya kimya. Chai haikungoja zamu. Ilikuwa inatiririka tu, jibu baada ya jibu, na mwenyewe hakuweza kuifunga. La kumi na tano. La ishirini. Watu wa nyuma walianza kushangilia kila Nyatichi alipopatia, na wa mbele wakageuka kuwatazama kwa jicho la nyamazeni.

Nyatichi hakuwasikia. Alikuwa anahesabu. Swali la arobaini lilikuwa zamu yake, na la arobaini na moja zamu ya Kemuma. Lingeulizwa, Kemuma angefungua mdomo, na kilichofuata ndani ya chai hakikuwa jibu.

Akose, Mungu wangu, akose mapema! Aliomba hivyo kila mara Kemuma aliposimama. Na kwa nini asikose? Alikuwa mtoto wa kudekezwa, hakujua kuteseka na swali. Lakini chai ilikuwa imefundishwa na Nyatichi mwenyewe, na Nyatichi alikuwa amefundisha vizuri mno.

La thelathini. La thelathini na tatu. Nyatichi aliangalia nyuma akamwona mama yake karibu na mlango, amesimama wima, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka kwenye nyusi.

Baada ya la thelathini na saba mvua ya mawe ikaanza kupiga bati. Hedimasta akanyamaza, akaangalia juu. Mawe yakazidi, hakuna mtu aliyesikia mwenzake, na Meneja akaegemea kiti akatazama saa yake. Nyatichi alihisi pumzi inamrudia. Piga, alisema moyoni, piga mpaka waende nyumbani! Mawe yakapiga kwa dakika tano nzima, kisha yakaacha ghafla, kama mtu aliyechoka.

"Tuendelee," alisema hedimasta.

La thelathini na nane Nyatichi akajibu. La thelathini na tisa Kemuma akajibu, na kabla hajamaliza akakohoa mara mbili, kikohozi kizito cha kifuani. Mke wa Mokaya akaguna kwa wasiwasi. Nyatichi alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekikohoa yeye, chini ya mkaratusi, jioni homa ilipomwanza.

"Nyatichi. Swali la arobaini. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901. Ilifika mji gani?"

Kisumu. Wakati huo ukiitwa Port Florence. Angelijibu hata akiwa usingizini. Angelijibu kwa Kiswahili, Kikisii na Kiingereza cha kuvunjika. Lilikuwa mdomoni, linasukuma meno. Akilisema, la arobaini na moja linakuja, na mama yake anatajwa jina mbele ya Meneja. Asipolisema, bweni, sare na sekondari vinakwenda kwa msichana aliyemwibia, na yeye anarudi kwenye kikapu. Alimchukia Kemuma wakati huo kwa moyo wake wote. Alimchukia na mama yake pia, kidogo, kwa kuwa mpweke.

"Nyatichi?"

"Nakuru," alisema.

Nyuma mtu akasema "Aa!" kama amekanyagwa. Mwalimu Kipkosgei alimtazama juu ya miwani, hakuamini. "Fikiri tena, msichana."

"Nakuru, Mwalimu."

"Kemuma?"

"Kisumu," alisema Kemuma, akakohoa. "Wakati huo ukiitwa Port Florence."

Upande wa mbele ukalipuka kwa makofi. Mokaya akasimama akarekebisha tai yake. Meneja akachora mstari kwenye karatasi. Imekwisha, Nyatichi alijiambia. Machozi yalimjaa, ya hasara na ya nafuu, asijue yapi ni yapi. Imekwisha, na mama amepona.

"Mshindi wetu!" Mwalimu Kipkosgei aliinua mkono. "Kabla ya kuondoka, Kemuma, sema neno moja la shukrani kwa Bwana Meneja na wazazi."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kemuma mwenyewe hakuwa amelifikiria. Alisogea mbele, akatabasamu, akafungua mdomo, na Nyatichi aliona macho yake yakitafuta la kusema na kulikosa.

Yakatoka ya chai.

"Ee Nyamoita, dada," alisema Kemuma.

Ilikuwa kwa Kikisii, na ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, ya chini, iliyochoka. Tabasamu la Kemuma lilibaki usoni, lakini macho yalikuwa yamejaa hofu. Alijaribu kufunga mdomo kwa mkono, mkono haukumtii.

"Leo nimekuja peke yangu. Mtoto ana homa. Wamesoma majina shuleni, mawili tu, na lake ni la kwanza. Nilitaka usikie. Namba yako bado naibeba. Jina lako bado naliitika, mpaka langu nimelisahau. Lakini huyu si kitu cha kubeba tu kama namba. Huyu ni wako, Nyamoita. Tumbo ni lako. Ulimwacha ana miezi minne, nikamfunga mgongoni nikaja naye. Ananiita mama, na kila nikimwitikia naona nakuibia tena. Akimaliza shule nitamwambia. Mpaka hapo nisamehe, dada yangu."

Kemuma akafunga mdomo. Akaanza kutetemeka mwili mzima.

Nyatichi hakutetemeka. Alisimama pale pale, na maneno yale, tumbo ni lako, yalikuwa yakimzunguka kichwani. Mwanamke aliyefia Kisii, ambaye jina lake alilisikia kila siku kwenye kibanda cha kupimia, alikuwa mama yake. Na mama yake, basi, alikuwa nani?

Wanawake wa Kisii waliokuwa nyuma walikuwa wameelewa kila neno. Wote wakatazama chini. Wengine ukumbini, Wakipsigis, Wajaluo na Meneja, waliona tu mtoto amezungumza kwa lugha ya kwao.

"Nini hii?" Meneja akauliza kwa Kiswahili chake cha shamba. "Mtoto nasema nini?"

"Bwana Mokaya," hedimasta akageuka, "tufasirie. Binti yako amesema nini?"

Mokaya alikuwa bado amesimama. Kwa miaka kumi na mitatu aliandika namba ile kila jioni bila kuinua macho, na sasa aliinua macho, akamtafuta mwanamke aliyekuwa mlangoni, akampata. Ukumbi ukasubiri. Nyatichi alimwona akitazama binti yake anayetetemeka, kisha ile chupa ya chai sakafuni. Hakuwa mjinga, yule mtu. Karani wa majani alijua chai gani humfanya mtu aseme hivyo, na alijua haikuwa chai ya kununuliwa. Akitoboa aliyoyasema mtoto, ataulizwa mtoto ameyapata wapi. Na nafasi itakwenda kwa nani?

Akalamba midomo.

"Anamshukuru mama yake, Bwana," alisema Mokaya.

"Vizuri! Vizuri sana!" Meneja akapiga makofi. Mbele wote wakapiga makofi. Mke wa Mokaya akatoa kitambaa kwenye mkoba akafuta machozi ya furaha.

Watu walipoanza kutoka, Mokaya alipita karibu na Yunia mlangoni, akapunguza mwendo. "Jumatatu uje kazini kama kawaida," alimwambia kwa sauti ya chini, akaongeza, akilibonyeza jina, "Nyamoita." Akaenda zake, mkono begani mwa binti yake. Kemuma aligeuka mara moja tu. Alitaka kusema kitu, mdomo ukafunguka, akauziba haraka kwa viganja vyote viwili.

Nyatichi akaondoka pale mbele, akapita kati ya viti vitupu. Yunia hakumkimbilia. Alisimama na kikapu kitupu miguuni, mikono yake myeusi imeshikana, kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Wanawake wengine walijitenga wakawaachia nafasi.

"Nilitaka kukuambia pale barabarani," Yunia alisema. "Siku zote nilitaka. Nilisema nitangoja umalize shule."

Nyatichi aliinama akakiokota kikapu, akapitisha kamba yake kwenye kipaji cha uso wake mwenyewe.

"Basi nimemaliza, Mama," alisema. "Twende nyumbani."